Kidole cha Sura ya Tano

Daktari wa upasuaji alisema vidole viwili. Alisema huku akivua glavu, kwa sauti ya mtu anayetaja saizi ya kiatu, kisha akaongeza kwamba Alhamisi ijayo ikifika na vidole hivyo vingali mahali pake, yeye hatazungumza tena habari za vidole. Mama alimsikiliza kwa adabu zote. Alikuwa na miaka sitini na minane, kisukari cha miaka kumi na miwili, na kidonda cha mguu wa kushoto kilichoanza kama lengelenge la kiatu kisha kikakataa kupona. Antibiotiki za aina tatu zilikuwa zimepita bila kukitikisa. Daktari alipomaliza, Mama alifunga mkoba wake, akasema anashukuru sana, lakini hatakatwa, kwa sababu mkwe wake ana dawa.

Daktari aliuliza dawa gani.

“Iko maabara,” Mama alisema. “Chuo kikuu.”

Binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa ajili ya cherehani yake ya sare za shule, alitazama sakafu. Angeweza kusema neno pale pale. Hakusema, na kwa haki ni lazima ielezwe kwamba hakunyamaza kwa woga. Alinyamaza kwa sababu na yeye aliiamini ile dawa kidogo. Ukiishi nyumba moja na mtu miaka saba, na kila Jumapili anakueleza jinsi anavyoua bakteria, kitu lazima kikuingie.

Mume wa Fundi aliitwa Dokta. Chuo kilikuwa bado hakijampa jina hilo. Mtaa ndio uliotangulia kumpa, mwaka wake wa kwanza wa masomo ya uzamivu, na sasa ulikuwa mwaka wa saba. Watu walimletea vipele vyao, macho yao mekundu na makohozi ya watoto wao, naye aliyatazama yote kwa makini, akitikisa kichwa taratibu. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba yeye ni mkemia, na kwamba jeraha pekee alilowahi kulihudumia ni la kwake mwenyewe, siku alipokatwa na chupa.

Chakula kikiwa mezani, alieleza kazi yake. Kuna vitu vinaitwa besi za Schiff, alisema, unavipata ukikutanisha aldehidi na amini mpaka zishikane. Hizo ndizo ligandi. Ligandi ikikutana na metali ya mpito, shaba kwa mfano, au kobalti, au nikeli, inaikumbatia pande mbili au nne na haiiachii. Unga unaotoka hapo ukiuweka kwenye sahani yenye bakteria, bakteria wanakufa na kuacha duara. Duara likiwa pana, dawa ni kali. Mama, aliyekuwa amehamia kwao tangu kidonda kianze, alipenda sana sehemu ya kukumbatia. Alisema hiyo basi ni ndoa. Dokta alisema ni ndoa isiyo na talaka, na wote wakacheka wakaendelea kula.

Ndivyo dawa ilivyozaliwa, mezani, katikati ya mchuzi na maji ya kunawa.

*

Jioni ile walipotoka hospitali, Mama aliitangaza habari mwenyewe, mguu ukiwa juu ya stuli.

“Mkwe wangu, leo nimemwambia yule daktari arudishe kisu chake kabatini. Nimemwambia dawa ninayo nyumbani.”

Hapo ndipo Dokta alipopaswa kusema. Sentensi yenyewe haikuwa ndefu: Mama, ile si dawa. Mtoto wa chekechea angeimaliza bila kuvuta pumzi. Lakini mtu aliyevishwa kilemba cha ukoka kwa miaka saba hakivui siku moja, tena mbele ya mama mkwe aliyemkatalia posa mara ya kwanza kwa kuwa hana kazi ya maana. Dokta alikohoa kikohozi cha mkutanoni.

“Utafiti uko katika hatua ya kutia moyo,” alisema.

Fundi alingoja “lakini”. Mumewe hakuwa na sentensi isiyo na “lakini”. Hata kusifu chakula alisifu kwa “lakini”. Safari hii neno halikuja. Dokta aliinamia sahani yake, akala kwa utulivu wa mtu aliyepandishwa cheo.

Kesho yake, Ijumaa, alikuja na kijiti chenye pamba ndani ya bomba la plastiki. Kabla ya kukitumia alipiga picha za kidole pande nne, kila picha na rula ndogo pembeni, akamwomba Mama asitikisike. Mama alikuwa amevaa gauni lake zuri na kujifunga kilemba upya, ingawa kichwa chake hakikuwa sehemu ya picha. Kisha Dokta alizungusha ile pamba ndani ya kidonda. Mama aliuma meno.

“Sasa hiki ni kimelea cha kliniki,” Dokta alisema akiinua bomba kwenye mwanga wa dirisha. “Kimelea halisi.”

Alilisema kwa upendo ambao Fundi hakuwa ameusikia tangu harusi. Baadaye ndipo alipoelewa. Vimelea walivyokuwa navyo maabara vilikuwa vya kuagizwa, vya kufugwa kwenye chupa, vilivyozoea kufa. Hiki cha Mama kilikuwa kimeshinda antibiotiki tatu. Tasnifu ya Dokta ilikuwa na sura nne, na msimamizi wake, Profesa, alikuwa akimkumbusha kila mwezi kwamba inahitaji ya tano.

Mama aliuliza itachukua siku ngapi. Dokta alisema kuotesha kunahitaji muda. Mama alisema basi atangoja, akamshukuru, akamwombea maisha marefu.

*

Jumatatu Fundi alipeleka furushi la sare kwenye shule iliyo jirani na chuo, akaona apitie maabara. Roho ilikuwa juu tangu asubuhi. Dokta hakuwepo, alikuwa ameenda kuchapisha nakala za tasnifu. Aliyekuwepo ni fundi sanifu wa maabara, mzee mmoja aliyeitwa Rula kwa sababu ya rula ya chuma aliyoibeba kwenye mfuko wa koti lake. Kwa karibu miaka thelathini alikuwa amepima maduara ya watu, watu wakawa madokta na maprofesa, na jina lake halikuwahi kuonekana kwenye sura yoyote.

“Shemeji, karibu,” Rula alisema. “Ila usiguse kitu.”

Fundi aliomba kuona dawa ya Mama. Rula alisita, akafungua kabati lenye joto, akatoa sahani ya plastiki yenye upana wa kiganja. Ndani kulikuwa na uji mgumu uliofunikwa na ukungu mweupe, na ukungu huo, Rula alieleza, ndio wale bakteria wa kwenye kidonda, wameota tangu Jumamosi. Juu yake kulikuwa na vipande vitano vya karatasi, vidogo kama vifungo vya shati. Vinne vya pembeni vilikuwa na namba. Cha katikati hakikuwa nayo. Na kuzunguka namba tatu, ile ya shaba, ukungu ulikuwa umekufa ukaacha duara safi kabisa.

Fundi alitaka kulia. Alitaka kukimbia nyumbani na furushi lake, ampigie Mama magoti, amwambie kwamba mwanamume aliyemkataa mara ya kwanza ndiye huyu. Lakini alikuwa ameishi na utepe wa kupimia shingoni kwa miaka kumi na tano, na jicho lake lilikuwa limeshapima kabla moyo haujamaliza kufurahi. Kwenye karatasi ya katikati kulikuwa na duara jingine. Lilikuwa safi vile vile. Upana wake ulikuwa ule ule.

“Na hii isiyo na namba ni dawa gani?”

Rula aliangalia mlangoni kwanza.

“Hiyo si dawa,” alisema. “Unga wa Dokta hauyeyuki kwenye maji. Anauyeyusha kwenye kiyeyusho, kemikali fulani ya chupa ile, halafu analowesha karatasi. Ya katikati nimeilowesha kiyeyusho kitupu. Hakuna unga hata chembe.”

“Nacho kimeua.”

“Kimeua. Namba tatu ni milimita kumi na nane. Hiki kitupu ni kumi na saba.”

Fundi aliomba rula. Hakuna mtu aliyewahi kupewa rula ile, lakini alipewa. Alipima mwenyewe, mara mbili, kama anavyopima kola ya mteja msumbufu. Kumi na nane. Kumi na saba.

Rula alieleza mengine bila kuulizwa, kama mtu aliyekuwa amekaa nayo muda mrefu bila kupata wa kumwambia. Kwa miaka yote saba Dokta hakuwahi kuweka karatasi ya katikati. Hakuweka kwa sababu Profesa haweki, na Profesa haweki kwa sababu aliyemfundisha Profesa hakuwa akiweka. Kwenye chumba kile ulikuwa urithi. Safari hii Rula ameiweka kwa uamuzi wake, kwa sababu sahani nyingine zote zilikuwa za chupa, na hii ilikuwa ya mguu wa mtu. Asubuhi ile Dokta alipoiona aliitazama muda mrefu sana. Kisha akatoa simu, akapiga picha ya namba tatu kwa karibu, katikati ikabaki nje.

“Halafu kuna lile la mwaka juzi,” Rula alisema. “Ule unga tuliuweka kwenye maji yenye viduvi, vile vya kupimia sumu. Dokta hakukuambia?”

“Vilikufa?”

“Vyote. Pale hapakuwa hata na haja ya rula.”

*

Fundi alimvizia mumewe jikoni, akafunga mlango, akampasulia yote. Dokta hakubisha. Ubishi ungekuwa rahisi kuusikiliza. Yeye alieleza. Alisema milimita moja inaweza kuwa na maana kitakwimu. Alisema sayansi haiangalii duara moja, inaangalia mwelekeo. Alisema Rula ni fundi mzuri lakini hana shahada. Fundi alimuuliza kama angeuweka ule unga kwenye kidole chake yeye. Dokta alisema hilo si swali la kisayansi.

“Basi ingia mle chumbani umwambie Mama,” Fundi alisema. “Neno moja tu. Mimi sitaki hotuba.”

Dokta alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu. Aliteremsha sauti. Utetezi wa tasnifu ulikuwa Jumanne ya wiki inayofuata, baada ya miaka saba, na mtahini kutoka nje alikuwa ameshapelekewa nakala. Sura ya tano yote ilikuwa ni Mama.

“Nikimwambia Mama kwamba si dawa,” alisema, “Jumanne nitasimama pale niseme nini?”

“Useme si dawa.”

Dokta alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni aliyepotea njia. Kisha akapiga moyo konde, au Fundi alidhani ndivyo, akaingia chumbani. Fundi alisimama koridoni, sikio ukutani.

“Mama,” alisikia, “matokeo ya awali ni mazuri. Kumi na nane.”

“Kumi na nane,” Mama alirudia, kwa sauti ya mzazi aliyeambiwa mtoto wake ameongoza darasa.

“Tuvute subira kidogo tu.”

Fundi alimchukia mumewe pale koridoni. Alimchukia kweli, na kilichomuuma zaidi ni kwamba Dokta alitoka chumbani amejaa huzuni ya kweli, amejiinamia, anataka kubembelezwa.

Kesho yake Fundi aliketi kitandani kwa Mama, akaeleza mwenyewe, duara la katikati, viduvi, yote. Mama alisikiliza hadi mwisho na kumpapasa mkono.

“Mwanangu, wewe unashona sare,” alisema, wala hakusema kwa ubaya. “Mambo ya cherehani nakusikiliza wewe. Huyu amesoma miaka saba. Angekuwa hana dawa angeniambia. Mimi si mtu wa barabarani, mimi ni mama mkwe wake.”

Hoja haikuwa na kasoro, isipokuwa mkwe mwenyewe.

Alhamisi daktari wa upasuaji alipiga simu. Mama alimwambia kumi na nane. Daktari aliuliza kumi na nane ya nini. Mama alimwambia asijali, ni mambo ya maabara. Daktari alisema kwa uchungu kwamba hamkati mtu asiyekubali, na kwamba mlango uko wazi. Kufikia Jumamosi kidole cha kwanza kilikuwa kimekuwa cheusi na weusi umeanza kupanda. Nyumba ilipata harufu. Wateja wa sare walianza kupimiwa nje, kila mmoja akisema anapenda tu hewa. Dokta alikuwa chumba cha nyuma akijifunza kuelekeza kalamu ya mwanga ukutani.

*

Jumanne Mama alisema lazima aende. Dawa yake itatangazwa mbele ya wasomi, yeye abaki nyumbani kwa nini. Fundi hakumzuia. Kama kuna mahali popote duniani ambapo mumewe atabanwa aseme kweli, aliwaza, ni pale. Waliteremka kwenye teksi mlangoni pa ukumbi, Rula akaja na kiti cha magurudumu alichokiazima zahanati ya chuo, wakamsukuma Mama hadi mstari wa mbele.

Ukumbi ulikuwa mdogo na feni ilikuwa moja. Baada ya dakika chache mstari wa pili ulihamia wa nne. Profesa, aliyekuwa jirani, alisogeza kiti chake, kisha akakisogeza tena. Mama alimnong'oneza Fundi kwamba watu wa hapa wana heshima sana, angalia wanavyompisha mgonjwa.

Dokta alianza vizuri. Suti ilimkaa, sauti haikutetemeka. Alipita kwenye aldehidi na amini, akapita kwenye metali na jinsi zinavyokumbatiwa, hakuna aliyecheka. Kisha akafika sura ya tano, na ukutani, kikubwa kama mlango, kikatokea kidole cha Mama. Chini yake kuliandikwa: Chanzo cha kimelea, kidonda sugu, mgonjwa mwanamke, miaka 68. Mama alikitambua mara moja. Alinyoosha mgongo. Katika maisha yake yote hakuna kitu chake kilichowahi kuoneshwa mbele ya watu waliovaa tai.

Ikafuata picha ya namba tatu, imekatwa kwa ustadi. Wanafunzi wachache walipiga makofi.

Mtahini wa nje alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alianza na swali dogo. Mgonjwa huyu aliridhia kupigwa picha na kuchukuliwa sampuli, na fomu yake ya ridhaa iko wapi, maana kwenye viambatisho hakuiona. Dokta alisema ipo, imesahaulika tu. Mtahini aliandika. Kisha akavaa miwani na kuegemea mbele.

“Kidhibiti cha kiyeyusho, ile karatasi ya kiyeyusho kitupu. Uliweka?”

“Kiliwekwa,” Dokta alisema. “Hakikuripotiwa.”

“Kilitoa duara la ngapi?”

Dokta alirudi kwenye kompyuta yake kana kwamba jibu limo mle. Alifungua ukurasa, akaufunga.

“Kumi na saba,” Rula alisema kutoka nyuma. Hakusimama wala kupaza sauti. Profesa aligeuka kumtazama kama mtu aliyeona meza ikizungumza.

“Kwa hiyo sura ya tano ni milimita moja,” mtahini alisema, na ukumbi ukacheka, Profesa naye akacheka kidogo ili asiachwe. Mtahini aliacha kicheko kiishe. “Nina swali la mwisho. Naona umeandika neno ‘dawa’ mara nyingi. Kitu hiki, leo, ungemwekea mtu mwenye kidonda?”

Fundi alishika mkono wa kiti cha magurudumu. Siku kumi na mbili alikuwa akilingoja jibu hilo, jikoni, koridoni, mlangoni pa chumba cha Mama. Alijiandaa kuona mumewe akitapatapa.

Dokta hakutapatapa. Aliona mlango wa kutokea na akaupita kichwa juu. Jibu la kukiri, pale ukumbini, lilikuwa na alama.

“Hapana,” alisema haraka, kwa sauti safi kuliko ya siku nzima. “Hata kidogo. Ni kazi ya sahani tu. Kwenye kipimo cha sumu kimeua viumbe vyote vya majaribio. Kumwekea mgonjwa kungekuwa hatari. Mgonjwa mwenye kidonda cha aina hii anapaswa kwenda hospitali mara moja.”

“Vizuri sana,” mtahini alisema, akiandika. “Nafurahi kwamba unaijua mipaka ya kazi yako.”

Dokta alitabasamu. Alitabasamu mpaka macho yake yalipoteremka na kufika mstari wa mbele.

Mama hakuwa anamwangalia yeye. Alikuwa anaangalia kidole chake ukutani, maana Dokta, alipokuwa akihangaika na kompyuta, alikuwa amerudisha picha nyuma kwa bahati mbaya. Alikiangalia kwa muda, kisha akamgeukia binti yake.

“Amesema mara moja?”

“Ndiyo, Mama.”

“Basi twende mara moja.”

Rula alisukuma kiti. Nyuma yao jopo lilikuwa linajiandaa kutoka nje kushauriana, na kwa sababu magurudumu yalikwama mlangoni, wasomi watatu walilazimika kusimama na kungoja mguu wa sura ya tano upite kwanza.

*

Dokta alifaulu. Alipewa pongezi na masahihisho madogo mawili: aripoti kidhibiti cha kiyeyusho, na awasilishe fomu ya ridhaa ya mgonjwa. Siku hiyo hiyo daktari wa upasuaji alikata chini ya goti. Hakumkaripia mtu. Alimwambia Fundi tu kwamba siku ile ya kwanza ingekuwa kazi ya nusu saa.

Wiki moja baadaye Dokta alikuja wodini. Alikuwa amekuja kila siku, na kila siku alikuwa amesimama karibu na mlango akiuliza kama joto limeshuka. Siku hiyo alivuta kiti. Alizungumzia uji wa hospitali, akazungumzia magongo, akasema kuna miguu ya bandia mizuri siku hizi, myepesi. Fundi alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda akipindisha upindo wa sketi kwa mkono. Alimjua mumewe. Aliona kuna kitu kinazunguka.

Hatimaye Dokta alitoa karatasi iliyochapwa, akaiweka juu ya shuka, na kalamu juu yake.

“Mama, samahani kwa usumbufu. Ni sahihi tu. Utaratibu wa chuo.”

“Miwani sina,” Mama alisema. “Fundi, nisomee.”

Dokta alisema hakuna haja, ni maneno ya kawaida. Fundi alikuwa ameshaichukua. Alisoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na mgonjwa wa kitanda cha jirani akaacha kula ili asikie.

“Mimi niliyetia sahihi hapa chini, kabla ya kuchukuliwa sampuli, nimeelezwa na mtafiti, kwa lugha ninayoielewa, kwamba kitu kinachochunguzwa si dawa, hakitaponya ugonjwa wangu, na kwamba natakiwa kuendelea na matibabu ya hospitali bila kuchelewa. Nimeruhusiwa kuuliza maswali na nimejibiwa.”

Aliishia hapo. Chini kulikuwa na mstari wa sahihi, na kando yake tarehe, ambayo Dokta alikuwa ameianza kwa penseli: ile Ijumaa ya kijiti cha pamba.

“Soma tena,” Mama alisema.

Fundi alisoma tena. Dokta alitazama mikono yake.

“Maneno mazuri,” Mama alisema. “Ameyaandika nani?”

“Ni ya chuo,” Dokta alisema. “Kila mtafiti hupewa.”

“Unayo tangu lini?”

“Tangu mwaka wa kwanza.”

Mama alitikisa kichwa polepole. Alichukua kalamu, akajiinua kwenye mto, Fundi akamshikia karatasi juu ya kitabu cha muuguzi. Dokta alipumua. Mama alikuwa na mwandiko mkubwa wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, na jina lake lilichukua mstari wote. Kisha akahamia upande wa tarehe, akaweka kalamu juu ya ile ya penseli, akaikata mstari mmoja, na kumuuliza Fundi leo ni tarehe ngapi.

“Mama,” Dokta alisema, “siku ile ukumbini ulisikia.”

“Siku ile uliwaambia wao. Mimi nilikuwa nimekaa tu.” Alikuwa anaandika, tarakimu baada ya tarakimu, bila haraka. “Leo ndiyo nimeelezwa. Tena kwa lugha ninayoielewa.”

“Tarehe ya leo haitanisaidia, Mama. Wataona ni baada ya kukatwa.”

“Na mimi haikunisaidia,” Mama alisema.

Alimrudishia kalamu yake, kisha akamwomba Fundi amvutie shuka, mguu uliobaki ulikuwa unaona baridi.